Kikopo Kilichotoka Lugulu

Watu hucheka nikisema nimestaafu. Nywele zangu bado nyeusi, magoti hayalii, na pale Kitale ninapouza miche ya matunda wateja wengi huniita kijana. Lakini nilikaa maabara hapo hapo Kitale miaka tisa, mkataba ukaisha, mradi ukafunga makabati yake, nami sikuomba kazi nyingine. Kwangu huko ni kustaafu. Nawaandikia nyinyi mnaovaa koti jeupe kwa mara ya kwanza, ambao hamjajua bado kwamba koti hilo lina mifuko mikubwa ya kubebea makosa.

Sitaanzia mwanzo. Mambo ya maabara hayanijii kwa foleni. Hunijia kama ukungu unavyoshuka asubuhi kutoka Mlima Elgon: unaona paa la jirani, kisha pembe za ng'ombe, kisha huoni kitu, na ghafla mlima wote umesimama mbele yako, wa buluu, kana kwamba haujawahi kuondoka.

Nilitoka chuo kikuu na shahada moja na ulimi mrefu. Nilikuwa mtu wa kuuliza. Kanisani nilimuuliza mchungaji maswali hadi akawa ananiona na kugeukia upande wa kwaya. Kwenye mazungumzo ya mahari yangu niliuliza kwa nini siruhusiwi kumsalimia mama wa mke wangu kwa mkono, wajomba wakanitazama kama mtu aliyeuliza kwa nini maji hunyweka. Kazini niliuliza zaidi. Na aliyekuwa akinijibu, au akikataa kunijibu, ni Mzee Ndiwa.

Mzee Ndiwa ndiye aliyekuwa mkuu wa maabara yetu. Mtu wa Kapsokwony, kule juu mlimani, mfupi, mwenye vidole virefu kuliko mwili wake ulivyostahili. Aliingia kazi hii zamani, kila kitu kikifanywa kwa jicho na mkono. Mashine zilipokuja hakuzichukia. Kila asubuhi alizigonga mgongoni taratibu, kama mtu anayesalimia ng'ombe kabla ya kumkama, halafu anasema, "Haya, leo msinidanganye."

Wiki yangu ya kwanza alinipa kikopo chenye kitu cha rangi ya kahawia hafifu.

"Huu mkojo ni wa mtu mkubwa," akasema. "Nataka majibu yote."

Nikavaa glavu kwa heshima zote. Nikachovya kijiti cha kupimia, nikazungusha sehemu yake kwenye mashine, nikaweka tone kwenye kioo na kuinama juu ya hadubini. Nilitafuta karibu saa nzima. Nikaandika: hakuna damu, hakuna usaha, hakuna sukari.

"Hakuna sukari?" akauliza akisoma.

"Hakuna, mzee."

"Ni kweli. Sikuweka."

Akachukua kikombe chake kilichokuwa nyuma ya mashine, akanywa. Ilikuwa chai ya rangi. Chumba kizima kilikuwa kinajua ila mimi.

"Umepima chai yangu vizuri sana," akasema. "Umeniuliza juu ya kijiti, umeniuliza juu ya taa ya hadubini, umeniuliza ati kwa nini tunaandika na wino mweusi. Haujauliza hii kitu imetoka kwa nani."

Nilicheka pamoja na wengine. Nilidhani ni mzaha wa kukaribisha wageni, basi. Kumbe nilikuwa nimepewa somo la miaka tisa siku ya tatu, nikalimeza bila kutafuna.

Mengine alinifundisha nikayashika. Kwamba kwenye mkono wa mgonjwa usifuate mshipa unaouona, fuata unaougusa. Ule wa kuonekana hukimbia sindano, ule uliojificha hutulia. Kwamba mgonjwa akitetemeka, muulize habari za shamba lake. Mtu akieleza mahindi yake husahau mkono wake. Kwamba chupa huandikwa jina mbele ya mwenye damu, kabla hajanyanyuka kwenye kiti, wala si baadaye ukiwa umerundika chupa kumi na akili imekwenda kwenye chakula. Na kwamba hadubini hulevya. Hilo hakuna anayewaambia. Ukikaa nayo muda mrefu, dunia ile ya duara huwa ndiyo dunia, na huku nje, kwenye kelele za pikipiki na kengele ya shule, ndiko kunakoonekana kama picha iliyofifia. Nilikuwa natoka pale jioni nikiona seli zikielea juu ya lami.

Kisha ukaja mradi wa vitamini D.

Niwaeleze kwa ufupi. Vitamini hii mwili huitengeneza wenyewe jua likigusa ngozi, na kidogo hupatikana kwenye mayai, samaki na vyakula vingine. Watafiti wa nchi nyingine walikuwa wameona kwamba watu wenye kiwango cha chini ndio hukutwa zaidi na saratani ya utumbo mpana. Mradi wetu ulitaka kujua kama huku kwetu ni vivyo hivyo. Kwa hiyo tulipima damu za watu waliokuwa na uvimbe kwenye utumbo, na za watu wasiokuwa nao, kutoka Kitale hadi Bungoma. Mimi niliajiriwa humo kwa mkataba.

Siku ya mkutano wa kwanza nikainua mkono. Daktari aliyeongoza mradi alikuwa hajamaliza hata kujitambulisha.

"Daktari, mtu akiumwa tumbo miezi sita, anakaa wapi?"

"Nyumbani."

"Ndani ama nje?"

"Ndani, nafikiri."

"Sasa tukimkuta na vitamini kidogo, tumekuta kilicholeta ugonjwa, ama tumekuta tu kivuli cha nyumba yake?"

Daktari akanitazama, akatabasamu. "Ndiyo maana tunapima," akasema. "Na hata tukimaliza, hatutakuwa tumejibu yote. Kuonekana pamoja si kuletana."

Mzee Ndiwa akaninong'oneza, "Wewe hata ukiambiwa ni saa nne utauliza ni saa nne ya nani."

Nilijivunia swali lile kwa miezi. Nililibeba kama beji. Hapo ndipo mama mkwe wangu alipoanza kuchoka.

Inabidi niwaambie kwanza jinsi nilivyomjua. Kwetu Bungoma, mwanamume na mama wa mke wake huheshimiana kwa kukaa mbalimbali. Hawashikani mikono, hawakai chumba kimoja, hawali pamoja. Nyumba nyingine zimelegeza, nyumba ya wakwe zangu karibu na Lugulu haikuwa imelegeza hata kidogo. Kwa miaka sita ya ndoa nilimjua mama yule kwa mgongo wake, kwa kikohozi chake nyuma ya jikoni, na kwa mboga alizonitumia zikiwa zimefungwa kwenye jani la mgomba. Yeye, nadhani, alinijua kwa viatu. Mimi niliiona desturi ile kama mchezo wa watu wazima. Nilisema hivyo kwa mke wangu Nasimiyu, naye, ambaye ni mwalimu na amezoea watoto wasumbufu, alinijibu, "Cheza basi, hautakufa."

Nasimiyu ndiye aliyeleta habari. "Mama anachoka. Anakaa ndani siku nzima na kitambaa kichwani. Nguo zinamzidi."

"Muulize kama anaona damu chooni."

"Mimi nimuulize?"

"Nani mwingine?"

Akampigia simu, nikiwa kando. Nilisikia sauti ya mama upande wa pili, ndogo na kali: "Mwambie bwana yako aulizie watu wa Kitale mambo yao."

Tulichukulia hilo kuwa ni hapana. Akapelekwa zahanati ya karibu, akatolewa damu. Majibu yalionyesha damu yake imepungua, na kwa kuwa mashine ya mradi ilikuwa kwetu Kitale, nikaomba chupa moja ya damu ile, nikapima pia vitamini D. Ilikuwa chini sana. Nasimiyu alifurahi, na msimlaumu. Mtu aliyekuwa gizani akipewa namba huikumbatia kama taa.

"Kumbe ni jua tu!" akasema. "Mama amekosa jua."

Mimi sikukubali, nisipewe sifa nisiyostahili lakini. Nilisema vitamini kuwa chini hakuelezi damu kupungua. Nataka kupima choo chake, nitafute damu iliyofichika, ile ambayo jicho haliioni. Hapo nilikuwa sawa. Kosa lilikuwa kwenye neno lililofuata.

Mzee Ndiwa alisema, "Wacha mimi nipime. Wewe ni mkwe."

"Mzee, kikopo ni namba tu. Na mimi naamini mkono wangu."

"Nani atajua umepima wewe?"

"Nitamwambia Nasimiyu amwambie. Atatulia akijua ni mtu wa nyumbani."

Mzee Ndiwa akarudi kwenye mashine zake. Baadaye nilimuuliza kwa nini hakunikatalia. Akasema, "Wewe huwa unauliza. Nilingoja uulize."

Kikopo kilifika Jumatatu, kimefungwa kwa mifuko mitatu ya karatasi, kikaviringishwa leso, kikawekwa ndani ya kikapu cha ndizi. Ndizi zile hakuna aliyezila. Nilikipeleka mezani mwenyewe. Nilifanya kila kitu kwa utaratibu, kama kijana anayefanya mtihani mbele ya wakwe. Kipimo cha damu iliyofichika: hakuna. Kwenye hadubini: mayai ya minyoo, mengi, ya rangi ya dhahabu, yenye ukingo wa mawimbi, yakielea kwenye mwanga kama vijua vidogo. Niliyatazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nikasikia amani ikinishuka mabegani.

Hakuna damu. Ni minyoo, na ukosefu wa jua. Nilimtumia dawa ya minyoo, na daktari wa zahanati akamwandikia vidonge vya vitamini D na vya kuongeza damu.

Mama akaanza kukaa juani.

Nikifumba macho hadi leo naona asubuhi zile, ingawa niliziona chache tu, nikiwa nimesimama langoni. Ukungu unainuka taratibu kutoka mashambani, unaacha mahindi yamelowa. Nyuma ya nyumba mkeka umetandikwa kando ya turubai la mahindi yanayoanikwa. Mama amekaa ameninyima uso, mikono ya gauni imekunjwa hadi kwenye kiwiko, kitambaa kimeshushwa shingoni. Jua linampata kwanza kwenye kisogo, kisha mabegani, kisha anakuwa wa dhahabu mzima, yeye na mahindi, sijui mtu anaishia wapi na mavuno yanaanzia wapi. Kuku wanamzunguka. Haimbi wala hafanyi kitu. Nasimiyu aliniambia kwamba mama alikuwa akilala usingizi wa kukaa, na kwamba akiamka husema aliona nyumba ya mama yake, na mto, na watu wote waliokufa wakiwa wamekaa juani wakimngoja kwa utulivu.

Mimi mtu wa kuuliza, sikuuliza kwa nini walikuwa wanamngoja.

Baada ya miezi mitatu tukapima tena. Vitamini ilikuwa imepanda vizuri. Nilimpelekea Mzee Ndiwa karatasi kama mtoto anayepeleka ripoti ya shule.

"Namba imepanda," akasema. "Mama je?"

"Mama anakaa juani kila siku."

"Sijauliza anakaa wapi."

Nikaikunja karatasi. Kwa sababu wiki ile Nasimiyu alikuwa amemshonea mama nguo zake upya, akizipunguza ubavuni, kwa mara ya pili. Namba ilikuwa inapanda na mwenye namba anashuka. Nililiona hilo. Nililiona, nikajiambia kwamba kipimo cha choo nilikifanya mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, na hakikuwa na damu. Nilikuwa nimewatilia shaka watafiti wa dunia nzima. Kikopo kile sikukitilia.

Sasa niwapeleke Chwele, siku ya soko. Nilikuwa nimekwenda kutafuta mbegu za matunda, nikizunguka kati ya mbuzi na magunia ya vitunguu, niliposikia sauti.

"Dakitari! Wewe! Si unisalimie, ama umekuwa mkubwa?"

Alikuwa Mama Khisa, jirani wa mama mkwe wangu, mwanamke mnene wa kicheko kinachotangulia mwili. Alikuwa anauza ndizi juu ya gunia.

"Habari ya Lugulu, mama?"

"Mzuri! Na nikushukuru bana. Ile dawa yako! Walai hiyo dawa si ya mchezo. Minyoo ilitoka mpaka nikaogopa. Nikaita bwana yangu akuje aone, akakataa."

Nilicheka kwa adabu. "Dawa gani hiyo, mama?"

"Ile ulitumia mama ya Nasimiyu. Si yeye alinipea."

"Alikupa dawa yake?"

"Ati yake? Yangu! Alisema, Mama Khisa, minyoo ni yako, mimi siwezi meza dawa ya minyoo ya mtu mwingine, Mungu anaona. Sasa wewe ndio uliangalia kwa ile mashini yako, si uliona ni yangu?"

Kisha uso wake ukabadilika. Akaweka kiganja mdomoni.

"Uwi. Aliniambia nisiseme."

Soko likaenda mbali. Sijui niseme vipi zaidi ya hivyo. Mbuzi waliendelea kulia lakini kama kutoka ng'ambo ya mto. Watu walipita mbele yangu wakifungua midomo. Nilikuwa naona kikopo. Niliona leso, mifuko mitatu, ndizi. Niliona vijua vyangu vidogo vya dhahabu vikielea, na kila kimoja kilikuwa cha Mama Khisa.

"Mama," nikasema, "kwa nini?"

"Si uulize kwa nini!" Alishusha sauti. "Wewe ungetaka mama ya bibi yako akuletee choo yake, uchungulie? Na darasa yote uliyosoma? Alilia huyo mama. Akasema afadhali afe na heshima yake. Nikamwambia, wacha kulia, mimi si mkwe wa mtu huko Kitale. Leta kikopo."

"Na yeye anaona damu?"

Mama Khisa akapanga ndizi zake upya. Alizipanga, akazipangua.

"Tangu mwaka jana," akasema.

Nilichukua bodaboda hapo hapo hadi Lugulu. Zilikuwa siku za likizo ya shule na Nasimiyu alikuwa kwao. Nilimkuta uani, nikamwambia yote kwa maneno matatu au manne, naye akashika nguzo ya jikoni. Mama alikuwa ndani ya jiko lile. Nilijua kwa kikohozi.

Nikasimama nje ya ukuta wa udongo, nikaupa mgongo mlango.

"Nasimiyu," nikasema kwa sauti, "mwambie mama nimetoka kuonana na Mama Khisa."

Sufuria ikawekwa chini.

"Mwambie," sauti ikatoka ndani, "huyo Mama Khisa mdomo yake haina mlango."

"Mwambie mama sikuja kugombana. Mwambie kosa ni langu. Nilipaswa kumpa mtu mwingine apime, nikataka kupima mwenyewe kwa kiburi."

"Mwambie ni kweli."

Nasimiyu alikuwa katikati yetu, akigeuza kichwa huku na huku, hajarudia hata neno moja, maana tulikuwa tunasikiana kabisa. Machozi yalikuwa yanamshuka na wakati huohuo alikuwa anazuia kicheko.

"Mwambie ile damu inaweza kuwa ni kidonda tu," nikasema. "Na inaweza kuwa uvimbe. Saratani. Sijui. Vitamini ikipanda haizibi mahali panapovuja. Nataka aangaliwe utumbo na kamera hospitali kule Eldoret. Lakini kwanza atoe kikopo kingine, cha kweli. Mimi sitakigusa. Kitapimwa na Mzee Ndiwa, ni mtu wa Kapsokwony, hana mkwe upande huu, ni mzee, ameona vikopo vingi kuliko nywele zake. Hata jina hatutaandika, tutaandika namba."

Moshi ulitoka chini ya paa na kuelea juu ya mahindi, mweupe, bila haraka. Nilijikuta nikiutazama nikisahau nilipo. Kisha:

"Muulize huyo mzee ni mtu wa kanisa?"

"Ni mtu wa kanisa, mama," nikasema, nikasahau kupitia kwa Nasimiyu.

"Nimesema mwulize, sijasema unijibu."

"Anasema ni mtu wa kanisa," akasema Nasimiyu.

"Basi nitaleta."

Kikopo cha pili kilikuja bila ndizi. Mzee Ndiwa alifunga mlango wa chumba kidogo, akakaa humo peke yake. Mimi nilikaa kwenye benchi la wagonjwa, nikajua kwa mara ya kwanza benchi lile lilivyo gumu. Alipotoka aliweka karatasi juu ya goti langu na kukaa kando yangu.

"Ipo," akasema. "Nyingi."

Kisha akaongeza, "Na hata ile ya kwanza ingekuwa yake, na isionyeshe damu, ningekuambia usilale. Hii damu hutoka leo, kesho inakaa. Mtu anakonda, unaendelea kutafuta. Umesikia?"

"Nimesikia, mzee."

"Hukusikia hata ile ya chai."

Kule Eldoret kamera iliona uvimbe upande wa kushoto wa utumbo mpana. Niliomba kuonyeshwa picha na nikanyimwa, na nikashukuru kunyimwa. Wakamfanyia upasuaji, wakakata kipande, wakaunganisha. Daktari wa upasuaji akatuambia kwamba uvimbe umekamatwa ukiwa umekua, lakini haujasambaa mbali kwa wanavyoona. Atahitaji dawa na kurudi kuangaliwa mara kwa mara. Kama angechelewa zaidi, alianza kusema, Nasimiyu akamkatiza, "Asante daktari, hiyo tumeelewa."

Nyinyi mtaniuliza kuhusu mradi. Ulipima, ukaandika, ukafunga. Kwenye damu tulizopima wagonjwa wengi walikuwa na vitamini kidogo, kama wenzetu wa nje walivyoona. Je, upungufu ndio ulifungua mlango wa ugonjwa? Huenda una mchango. Vidonge vinauzuia? Waliojaribu kuwapa watu vidonge na kungoja hawajapata jibu la kuridhisha kama tulivyotaka. Mtu akikosa vitamini, apewe, mifupa yake itashukuru. Lakini mtu anayeona damu chooni, au aliyebadilika ghafla katika kwenda haja, au anayekonda bila sababu, msimpe jua mkamwacha hapo. Nimeyasema hayo kwa sauti ya daftari kwa sababu ndiyo sehemu ninayotaka mkumbuke hata mkisahau jina la kijiji.

Mwezi mmoja baada ya mkataba wangu kuisha, nilikwenda Lugulu na miche mitano ya matunda. Ilikuwa asubuhi. Mahindi yalikuwa yameanikwa tena, ukungu ulikuwa unaondoka vilevile. Nikasimama langoni kama kawaida. Mama alikuwa mkekani, mgongo kwangu. Alikuwa amenenepa kidogo. Gauni lilikuwa limemjaa mabegani.

Nasimiyu akatoka ndani na mkeka wa pili. Akautandika nyuma ya ule wa mama, hatua tatu hivi, ukitazama upande wa mlima.

"Amesema ukae," akaniambia.

"Wapi?"

"Hapo. Ukiangalia kule."

"Na heshima?"

Sauti ikatoka upande wa mahindi, moja kwa moja, haikupita kwa mtu. "Nimepasuliwa tumbo na wanaume wanne sijui hata kabila yao. Keti, mkwe."

Nikakaa. Tulikuwa tumepeana migongo, yeye akitazama mahindi yake, mimi nikitazama Elgon ikijitokeza kipande kwa kipande. Jua lilinipata kwanza kwenye shavu. Niliisikia pumzi yake. Tulikaa hivyo, na huo muda nikiukumbuka hauna mwanzo wala mwisho, ni kama bado unaendelea mahali fulani nyuma ya nyumba ile.

Kisha akasema, "Hii jua. Ilinisaidia ama haikunisaidia?"

Nilikuwa na majibu. Nilikuwa na miaka tisa ya majibu, na maswali ya kuyapinga. Nikayapitia yote, nikayaacha.

"Sijui, mama."

Nikamsikia akisogea mkekani, akikunja mikono ya gauni lake hadi kwenye kiwiko.

"Mimi pia sijui," akasema. "Lakini haijafika kwa magoti bado. Ngoja ifike."